Intaneti Moja, Vifaa Vingi: Je, Kompyuta Ndiyo Igawe?

Kompyuta ina intaneti, simu haina. Je, inafaa kompyuta iigawie simu? Swali hili halikauki kwa mafundi, kwenye maabara za vyuo na katika makundi ya WhatsApp ya familia, na majibu yake hupingana. Mmoja atasema kugawa kunamaliza bando upesi. Mwingine atashikilia kwamba hotspoti ya kompyuta ina kasi kuliko ya simu. Yuko atakayeshauri ununue ruta uachane na usumbufu, na yuko atakayeonya kwamba mtoa huduma akikugundua atakufungia laini.

Kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini yote yanachanganya mambo matatu ambayo yangepaswa kusimama mbalimbali: intaneti inaingilia wapi, kifaa gani kinaigawa, na nani anailipia na kuwajibika nayo. Makala haya yanayatenganisha mambo hayo, yanaeleza kila upande una nguvu gani na udhaifu gani, kisha yanaupima mmoja dhidi ya mwingine.

Tulikotoka

Kuifanya kompyuta igawe intaneti si jambo jipya. Mwaka 1999 Microsoft iliuingiza uwezo huo katika toleo la pili la Windows 98. Enzi hizo nyumba au ofisi ndogo ilikuwa na laini moja ya simu ya mezani, modemu moja, na pengine kompyuta mbili au tatu. Ruta za nyumbani zilikuwa adimu na ghali, kwa hiyo kompyuta yenye modemu ndiyo iliyobebeshwa kazi ya kuzihudumia nyingine kwa waya. Mwaka 2009 Windows 7 iliwezesha kadi ya Wi-Fi ya kompyuta kurusha mtandao wake yenyewe, ingawa mtumiaji alilazimika kuandika amri kwa mkono. Mwaka 2016 sasisho la Windows 10 likaleta kitufe chepesi kiitwacho Mobile hotspot. Mac na Linux nazo zina njia zao za kufanya kazi hiyohiyo.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Hadi 2009 ukanda huu uliegemea mno satelaiti, na intaneti ilikuwa ghali na nzito. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu, na EASSy ikafuata 2010. Katika miaka hiyo modemu ya USB, ile ya kuchomekwa ubavuni mwa laptopu, ndiyo iliyowaingiza wengi mtandaoni. Modemu ya kawaida ya aina hiyo haikuwa na Wi-Fi. Aliyetaka intaneti ile ifike kwenye simu au kompyuta ya pili hakuwa na njia nyepesi isipokuwa kuifanya laptopu igawe, na programu za kusaidia kazi hiyo, kama Connectify, zikaziba pengo.

Simu janja zikaja zikageuza mkondo. Android ilipata hotspoti mwaka 2010, na iPhone ikaipata 2011. Leo katika kaya nyingi simu ndiyo yenye laini na bando, na kompyuta ndiyo inayoomba. Hata hivyo zimebaki hali ambazo kompyuta ndiyo yenye mtandao: ofisi yenye waya pekee, chumba cha hosteli chenye tundu moja la mtandao ukutani, kompyuta ya mezani iliyoungwa na faiba kwa waya, au laptopu yenye modemu ya zamani ambayo bado inafanya kazi.

Hapo ndipo unapozaliwa mkanganyiko. Ushauri wa enzi ya modemu unatolewa kwa mtu mwenye simu ya 4G, na ushauri wa mwenye simu unapewa mtu ambaye intaneti yake inapita kwenye waya. Wote wawili wanasema kweli kwa mazingira yao, lakini kila mmoja anasikilizwa na mtu wa mazingira mengine.

Kompyuta inapogawa, inafanya nini?

Ili kupima hoja za kila upande, yafaa kuutazama mchakato wenyewe kwa karibu. Tuseme kompyuta ya Windows imechomekwa waya wa mtandao na hotspoti yake imewashwa. Simu inajiunga na kuomba anwani. Kompyuta inaipa, mathalani 192.168.137.45, na kuijulisha kwamba njia ya kwenda nje ni 192.168.137.1, yaani kompyuta yenyewe.

Simu inapofungua tovuti, ombi lake linafika kwenye kompyuta likiwa na anwani ile ya simu. Anwani hiyo haiwezi kusafiri kwenye intaneti ya wazi, kwa kuwa ni ya kundi lililotengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi. Kompyuta inaiondoa, inaweka ya kwake, inaandika kwenye jedwali kwamba ombi hili ni la simu fulani, kisha inalituma. Jibu likirudi, inasoma jedwali na kulifikisha kwa mwenyewe. Hufanya hivyo mara nyingi kwa kila sekunde, kwa kila kifaa kilichojiunga.

Mbinu hiyo huitwa NAT. Ilielezwa rasmi mwaka 1994 kama nafuu ya muda kwa tatizo la upungufu wa anwani. Mfumo wa IPv4 una anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, na hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Nafuu iliyokusudiwa kuwa ya muda ndiyo inayoendesha nyumba nyingi hadi sasa. Ruta hufanya kazi hiyohiyo, na simu inapowasha hotspoti nayo kwa kawaida hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo, kimsingi, hakuna kifaa chenye siri ambayo vingine havina. Vinatofautiana katika uwezo, subira na gharama ya kuifanya kazi hiyo.

Kutokana na mchakato huu tunapata mambo matatu ya kuyashika. La kwanza, kugawa hakuzalishi kasi mpya. Kama waya unaleta megabiti 20 kwa sekunde, hizo ni sawa na megabaiti 2.5, na vifaa vyote vitagawana hizohizo. La pili, kifaa kinachogawa lazima kiwe macho muda wote, maana jedwali lile linaishi ndani yake. La tatu, kwa yeyote aliye nje, vifaa vyote vinaonekana kuwa mtu mmoja. Hili la tatu ndilo husahauliwa zaidi, na tutalirudia kwenye suala la dhamana.

Kuuelewa mchakato huu kunasaidia pia kutambua hitilafu inayowasumbua wengi, ile ya simu kuandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Fungua maelezo ya mtandao kwenye simu utazame anwani. Ikianza na 192.168.137, simu na kompyuta zinaelewana, na tatizo liko mbele: aidha kompyuta yenyewe haina intaneti, au imeelekezwa kugawa kutoka kwenye chanzo kisicho sahihi, mathalani Wi-Fi badala ya waya. Simu ikikwama kwenye hatua ya kutafuta anwani, au kompyuta ya pili ikijipa anwani inayoanza na 169.254, basi kompyuta inayogawa haikujibu ombi, na cha kukagua kwanza ni huduma ya kugawa na programu ya ulinzi iliyomo humo.

Hoja ya kwanza: kompyuta igawe

Wanaotetea kompyuta wana hoja nzito katika hali moja mahsusi, nayo ni pale ambapo intaneti inaingia kwa waya. Simu nyingi hazina tundu la waya wa mtandao. Kompyuta inaugeuza waya ule kuwa Wi-Fi bila kununua kitu chochote. Na kwa kuwa waya hauyumbi kama mawimbi, kompyuta inaweza kutumia kadi yake yote ya Wi-Fi kwa kazi ya kugawa. Hapa ndipo ile kauli kwamba hotspoti ya kompyuta ina kasi inapopata ukweli wake: kasi inatoka kwenye waya, na kompyuta inaipitisha tu.

Faida ya pili ni ustahimilivu wa muda mfupi. Ikiwa intaneti inatoka kwenye modemu iliyochomekwa kwenye laptopu, umeme ukikatika betri inaendelea kuhudumia kila aliyejiunga. Ruta ya ukutani isiyo na betri ingezimika papo hapo. Faida ya tatu ni kwamba mwenye kompyuta anaona walioingia, anawasha na kuzima atakavyo, na anaweza kubadili nenosiri kwa dakika moja.

Udhaifu nao si mdogo. Windows inaruhusu vifaa vinane tu kwa wakati mmoja, idadi inayotosha familia ndogo lakini si darasa. Kompyuta ikifungwa kifuniko na kusinzia, wote wanakatika. Ikijiwasha upya kwa ajili ya sasisho, wote wanakatika. Katika mipangilio ya kuokoa nishati, hotspoti hujizima yenyewe baada ya dakika chache ikiwa hakuna aliyejiunga, na mtumiaji hudhani imeharibika.

Kuna pia suala la kupokea na kurusha kwa kadi moja. Kompyuta inapopokea intaneti kwa Wi-Fi na papo hapo kuigawa kwa Wi-Fi, kadi ile inalazimika kupokezana: mara isikilize ruta, mara iihudumie simu. Kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili, na kasi inayomfikia wa mwisho huweza kushuka hadi karibu nusu. Kwenye Mac yenye kadi moja mpangilio huo haukubaliki kabisa. Ni lazima intaneti iingie kwa njia nyingine, kama waya au USB. Kwa hiyo anayegawa Wi-Fi aliyoipokea kwa Wi-Fi, wakati simu ingeweza kujiunga na ruta moja kwa moja, anajipunja bure.

Mwisho kuna umeme. Laptopu inayofanya kazi hutumia takribani wati 30 hadi 60, na kompyuta ya mezani huzidi hapo. Kuiacha ikiwaka usiku kucha ili simu zipate mtandao ni kulipa bili kubwa kwa kazi ndogo.

Hoja ya pili: simu igawe

Utetezi wa simu umejengwa juu ya ukweli mwepesi kwamba laini na bando vimo humo tayari. Hakuna kuunganisha chochote, na inakwenda popote mwenyewe anapokwenda. Kwa mwanafunzi anayetuma kazi ya chuo, au mfanyabiashara anayefungua laptopu kwenye kituo cha basi, hakuna njia iliyo karibu kuliko hiyo.

Jambo ambalo wengi hawalitumii ni kwamba simu inaweza kugawa kwa njia tatu, na kila moja ina tabia yake. Wi-Fi inahudumia vifaa kadhaa, lakini inakula betri na kuipasha simu joto. Waya wa USB unahudumia kompyuta moja tu, ila uko imara, hauingiliwi na mawimbi ya majirani, na simu inapata chaji humohumo. Bluetooth inatumia nishati kidogo, lakini kikomo chake ni takribani megabiti 3 kwa sekunde hata katika hali nzuri, kwa hiyo inafaa barua pepe na ujumbe, si video. Mwenye laptopu moja na simu moja angekuwa na sababu chache sana za kuwasha Wi-Fi kama waya wa chaji anao mkononi.

Udhaifu wa simu unajitokeza kazi inapokuwa ndefu. Betri inayochajiwa huku simu ina joto kwa saa nyingi inachakaa mapema. Mwenye simu akitoka, intaneti ya nyumba inatoka naye. Na pale ambapo simu au mtandao hauwezi kupitisha sauti kwenye 4G, simu ikipigwa inashuka kwenda 3G au 2G ili kupokea. Ikifika 2G, data kwa kawaida inasimama hadi mazungumzo yaishe. Anayefanya usaili au kikao cha video kwa hotspoti ya simu hukatika kwa sababu hiyo, kisha lawama zinaiendea kompyuta.

Hoja ya tatu: ruta ndiyo jibu

Ruta imetengenezwa kwa kazi hii moja. Haisinzii, na haina kazi nyingine za kuikwaza. Nyingi za nyumbani hutumia wati 5 hadi 12 tu. Ruta nzuri hurusha masafa mawili: gigahezi 2.4 yanayopenya kuta vizuri zaidi, na gigahezi 5 yenye kasi kubwa lakini yanayoishia karibu. Ina matundu ya waya kwa kompyuta ya mezani au runinga, na nyingi zina uwezo wa kutenga mtandao wa wageni ili mgeni apate intaneti bila kuvifikia vifaa vya wenyeji. Kwa kuwa nyingi hutumia volti 12, zinaweza kuendeshwa kwa betri ya sola iwapo volti na ampea zinalingana, jambo la maana mno mahali ambapo umeme hautabiriki.

Lakini wanaosema ruta ni jibu la kila mtu wanaruka vikwazo halisi. Ruta ni gharama ya kuanzia, na ikiwa ni ya laini, mara nyingi inadai bando lake la pili, tofauti na lile la simu. Baadhi zimefungwa kwa mtandao mmoja, na mwenye nazo hawezi kuhamia kwa mtoa huduma mwingine mwenye bei nafuu. Zaidi ya hapo, ruta haisaidii kitu ikiwa intaneti haina njia ya kuifikia. Aliyepangiwa ofisini tundu moja la waya lililosajiliwa kwa kompyuta yake hawezi kuchomeka ruta bila idhini ya msimamizi wa mtandao. Mwenye modemu ya USB anahitaji ruta yenye tundu la USB na inayoitambua modemu hiyo, na si zote zinazoweza.

Bando linaliwa na nini?

Dai kwamba kugawa kunamaliza bando ndilo lenye wafuasi wengi, na linahitaji kufafanuliwa kwa makini. Kitendo cha kugawa chenyewe hakili data ya maana. Video ya megabaiti 100 itabaki megabaiti 100 iwe imetazamwa kwenye kifaa kinachogawa au kilichogawiwa. Hata hivyo watu hawajakosea wanapoona bando limeyeyuka. Sababu iko kwenye tabia ya vifaa.

Simu inapotumia laini yake inajua kwamba data ni ya kulipia, na programu nyingi zinajizuia. Inapojiunga na Wi-Fi, huchukulia kwamba sasa kuna intaneti tele. Inaanza kuhifadhi picha mtandaoni, kusasisha programu zote na kupakua video za kundi la familia. Kompyuta iliyojiunga na hotspoti nayo huweza kujipakulia masasisho ya mfumo, ambayo mara nyingine hufikia gigabaiti kadhaa. Kisha kuna ukubwa wa skrini: Netflix yenyewe inaeleza kwamba saa moja ya video ya kiwango cha kawaida hutumia hadi gigabaiti 1, na ya kiwango cha juu hadi gigabaiti 3. Filamu iliyotazamwa kwa kiwango cha chini kwenye simu inapohamia kwenye laptopu, matumizi yanapanda bila mtu kuamua.

Tiba ipo na ni ya bure. Windows inaruhusu mtandao wowote wa Wi-Fi uwekewe alama kwamba ni wa matumizi yenye kikomo, na sehemu kubwa ya masasisho husubiri. Android ina mpangilio kama huo kwa kila Wi-Fi, na iPhone imekuwa na hali ya kupunguza data tangu 2019. Alama hiyo huwekwa kwenye kifaa kinachopokea. Ndiyo maana anayegawa hawezi kulitatua peke yake. Kila aliyejiunga lazima ashiriki.

Je, mtoa huduma anaweza kujua kwamba unagawa? Anaweza. Kila kipande cha data kinatoka kwenye kifaa kikiwa na namba ya ukomo wa safari, kwa kawaida 64 kwenye simu na 128 kwenye Windows, na hupungua kwa moja kila kinapopita kwenye kifaa cha kati. Namba hiyo, ikijumlishwa na dalili nyingine, humfunulia mtoa huduma kwamba nyuma ya laini kuna zaidi ya kifaa kimoja. Atachukua hatua gani ni suala la mkataba. Yako mabando yanayoruhusu kugawa, yako yanayoweka ukomo wa data ya hotspoti, na vifurushi visivyo na kikomo ndivyo vinavyohitaji kusomwa masharti yake kwa uangalifu zaidi. Jibu la kweli kwa mwenye hofu ya kufungiwa liko kwenye masharti ya kifurushi chake, si kwenye uzoefu wa jirani aliyenunua kifurushi tofauti.

Usalama na dhamana

Hapa tunarudi kwenye lile jambo la tatu, kwamba nje wote wanaonekana mtu mmoja. Mgeni aliyejiunga kwako akitumia mtandao kutapeli au kusambaza yaliyokatazwa, kumbukumbu za mtoa huduma zitaonyesha laini yako, na laini imesajiliwa kwa jina lako. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya 2018. Uchunguzi huanzia kwa mwenye laini. Anaweza kujinasua, lakini baada ya usumbufu mkubwa.

Nenosiri, kwa sababu hiyo, ni kinga ya mwenye laini kabla ya kuwa njia ya kuokoa bando. Mfumo wa zamani wa WEP ulivunjwa na watafiti tangu 2001 na haufai kutumika. WPA2 na WPA3 ndiyo mifumo ya kuchagua, pamoja na nenosiri refu lisilo namba ya simu wala jina la mtoto. Kompyuta inayogawa inahitaji tahadhari ya ziada, kwa sababu wageni wanaingia kwenye mtandao uleule ambamo kuna mafaili ya mwenyewe. Folda zilizoachwa wazi kwa ajili ya ofisi zifungwe kwanza. Na kompyuta ya mwajiri isigawe bila ruhusa: kufanya hivyo kunafungua njia ya pembeni kuingia kwenye mtandao ambao wengine wamelipwa kuulinda.

Swali gumu zaidi ni la kugawia majirani. Wanaounga mkono wanasema intaneti bado ni mzigo kwa kaya nyingi, na kaya tatu zikichangia faiba moja, watoto wote wanasoma. Hoja hiyo ina uzito wa kibinadamu, na haifai kupuuzwa na anayepanga bei. Wanaopinga wanasema mtoa huduma alipanga bei kwa kaya moja, masharti mengi yanakataza, na hakuna anayejulikana kuwajibika mambo yakiharibika. Tofauti ya msingi ni kati ya kugawa na kuuza. Kumpa mgeni nenosiri ni jambo la mkataba wako na mtoa huduma. Kuuza intaneti kwa saa au kwa vocha ni kutoa huduma ya mawasiliano, na hapo unaingia kwenye eneo la leseni: Tanzania chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inayosimamiwa na TCRA, na Kenya chini ya sheria ya habari na mawasiliano ya 1998 inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kijana anayetaka kuifanya biashara mtaani anastahili kuhimizwa, lakini aanzie kwa mamlaka, asisubiri ifike mlangoni.

Kupima

Tukiziweka hoja zote pamoja, kigezo cha kwanza ni mahali intaneti inapoingilia. Ikiingia kwa waya kwenye kompyuta, na hakuna ruhusa au fedha ya kuweka ruta, kompyuta inagawa vizuri kuliko kingine chochote. Ikiingia kwa laini ya simu, simu yenyewe igawe; kuipitisha kwenye kompyuta ili irudi kwenye simu nyingine ni kuongeza kituo kisicho na faida. Ikiingia kwa Wi-Fi ambayo vifaa vyote vinaweza kuifikia, kila kimoja kijiunge chenyewe.

Kigezo cha pili ni muda. Kwa saa moja au siku moja, kinachopatikana ndicho bora. Kwa mwezi mzima, mahesabu yanageuka: umeme wa laptopu, uchakavu wa betri ya simu na kukatika kwa vikao vinaanza kugharimu kuliko ruta iliyoahirishwa. Kaya yenye watu wanne wanaosoma au kufanya kazi mtandaoni kila siku, ikaendelea kutegemea simu ya mmoja wao, inalipa gharama hiyo bila kuiona kwenye risiti yoyote.

Kigezo cha tatu ni dhamana. Kadiri walioungwa wanavyoongezeka na kufahamika kidogo, ndivyo kinachohitajika kinavyokuwa kifaa chenye udhibiti: mtandao wa wageni, orodha ya vifaa, na uwezo wa kumwondoa mmoja bila kuwakatia wote. Ruta inashinda hapa bila ubishi. Kompyuta inafuata, na simu ina udhibiti mdogo.

Hakuna kigezo kati ya hivyo kinachoamuliwa na kasi ya kompyuta au umaarufu wa simu. Ndiyo maana mabishano ya kifaa gani ni bora hayafiki mwisho: yanalinganisha vifaa kabla ya kuuliza kazi iliyopo.

Muhtasari

Kompyuta inaweza kugawa intaneti, na imekuwa ikiweza tangu 1999. Inafaa zaidi pale inapopokea kwa waya au modemu, kwa watu wachache na kwa muda mfupi. Haifai kupokea kwa Wi-Fi na kurusha kwa Wi-Fi ikiwa kuna njia ya moja kwa moja, na haifai kuwa nguzo ya kudumu ya nyumba. Simu ni bora safarini, hasa kwa waya wa USB. Ruta ni bora kwa kaya yenye matumizi ya kila siku, mradi kuna njia ya kuifikishia intaneti.

Kugawa hakuongezi kasi, na kwenyewe hakumalizi bando. Kinachomaliza ni vifaa vilivyoachwa viamini kwamba data ni ya bure. Mtoa huduma anaweza kugundua, na masharti ya kifurushi ndiyo yanayotoa jibu la lililo halali. Kuuza kunahitaji leseni. Na kwa vyovyote vile, anayegawa anabeba jina la wote waliojiunga kwake.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe cha hotspoti, uliza intaneti inaingilia wapi, itagawiwa kwa muda gani, na kwa nani. Anayejibu hayo matatu kwa uaminifu ataona mwenyewe kifaa cha kuchagua, na hatahitaji kumsadiki muuzaji wala mbishi yeyote.